Mgeni Aliyetaka Kusindikizwa

Mama yangu mpendwa,

Mvua imefika Ruiri. Ilianza jana mchana, mimi na Baba tukiwa bado tunabishana kama maharagwe yapandwe sasa au yangoje wiki nyingine. Ilipogonga mabati alichukua koti lake akaenda mwenyewe kumfungia ndama. Nilimtazama kupitia dirisha akivuka ua, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, nikajua lazima nikuandikie. Nina habari yako, na si habari ya kukaa nayo.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa nyumbani tuliongea Kimeru. Ulizoea kusema barua ya Kiswahili inakaa ya maana. Basi hii ni ya maana.

Ule msimu wa mvua wa miaka mitatu iliyopita, hata sasa sielewi uliupitishaje. Baba alikuwa ametoka hospitalini baada ya kiharusi, upande wake wote wa kushoto umelegea. Nyumba ya mawe ilikuwa imeezekwa lakini haina milango ya ndani, na ile nyumba ya mbao ilikuwa inavuja, kwa hiyo tukahama hivyo hivyo, mapazia yakiwa ndiyo milango. Mimi nilikuwa nimehamishwa kutoka shule niliyofundisha Embu, nikarudi kwako na mabegi mawili na ndoa iliyokwisha. Binti yangu Kendi naye alikuwa anaanza chuo kikuu pale Nchiru. Na shamba halikuwa limelimwa.

Mtu mwingine angekaa chini alie kwanza. Wewe ulivaa gambuti. Ulikamua, ukapika uji, ukamwosha Baba, ukaenda shambani, ukarudi kumgeuza, ukaenda tena. Siku ya kumpeleka Kendi chuoni ulivaa rinda la kanisani na gambuti zile zile, ukabeba viazi vya kumtosha muhula mzima, ukamhoji mwenye vyumba vya kupangisha mpaka yule mama akaniuliza pembeni kama wewe ni askari. Kendi alitaka ardhi ipasuke immeze. Siku hizi anaisimulia hadithi hiyo kwa marafiki zake kwa majivuno, na kila mwaka viazi vinaongezeka.

Kuhusu ndoa yangu hukuniuliza neno. Ulinipa jembe ukanionyesha mstari wa kuanzia. Nilikasirika wakati ule, nikaona huna huruma. Ilinichukua mistari mingi ya maharagwe kuelewa kwamba umeniacha nilie mahali ambapo hakuna wa kuniangalia.

Kilichokushinda ni Baba. Daktari alisema wazi: asipotembea kila siku miezi hii ya mwanzo, mguu utakufa na hatatembea tena. Tulipewa kile chuma cha kutembelea, cha miguu minne. Baba akakigeuza mahali pa kutundika koti. Mtu aliyekuwa akiswaga ng'ombe kutoka Ruiri hadi Isiolo kwa miguu hangekubali majirani wamwone akivuta mguu. Ukimsihi, anageukia ukutani. Nikimsihi mimi, anaomba chai. Mchungaji alikuja akamwombea, na Baba akasema amina kwa sauti, kisha akalala. Jibu lake lilikuwa moja, "Nitatembea nikipona."

Nilikuona siku ile umesimama nyuma ya pazia la chumba chake, kikombe mkononi, chai imepoa. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kukuona hujui la kufanya.

Kisha ikaja siku ya soko, ukarudi na mgeni. Mwanamume wa rika la Baba, kofia ya sufu, fimbo ya kuswagia mbuzi. Ulimkalisha mbele ya Baba, ukasema kwa sauti tulivu kabisa, "Baba Kinya, huyu ni Kaberia wa kule Muthara. Ni mtu wa gichiaro chetu."

Hata sisi tuliosoma tunaogopa neno hilo. Ukoo wetu na ukoo wa gichiaro chetu zilikula kiapo zamani, na mtu wa gichiaro akikuomba kitu huwezi kumwambia hapana. Ukimnyima, au ukimdanganya, balaa linakuja kwako na kwa watoto wako. Baba alimtazama Kaberia kwa muda mrefu sana. Halafu akakutazama wewe. Halafu akaagiza chai.

Walikunywa, wakaongea bei ya mbuzi na ukame. Mgeni alipoinuka alisema, "Sasa nisindikize mpaka mlangoni."

Baba akatungua koti kwenye kile chuma, akalivaa, akashika chuma chenyewe, akasimama. Hatua tisa. Nilizihesabu nikiwa nimeshikilia sinia.

Tangu hapo Kaberia alipita kila siku ya soko, na kila mara aliomba kusindikizwa mbele kidogo. Hadi kwenye tangi la maji. Hadi kwenye mpera. Hadi langoni. Katikati ya wiki Baba akaanza kuzunguka ua peke yake, akidai anakagua kuku, ili mgeni asije akamkuta amezorota. Wewe ulikuwa unapita na ndoo yako kana kwamba huoni kitu.

Halafu ile siku ya langoni. Ilikuwa imenyesha asubuhi nzima, chuma kikateleza, Baba akaanguka kifudifudi kwenye matope mbele ya watu waliokuwa wakienda sokoni. Nilitupa jembe nikimbie. Ulinikamata kifundo cha mkono kwa nguvu hata kikabaki na alama. Hukuniachilia, Mama.

"Wacha," ulisema. "Akiinuliwa leo hatainuka tena."

Kaberia naye alisimama tu akimngoja, kama mtu anayengoja mwenzake afunge kamba za viatu. Baba alichukua muda. Alishika nguzo ya lango, akajiinua polepole, akasimama akiwa na matope hadi kwenye nyusi, akamsindikiza mgeni wake hadi barabarani. Mpaka leo sijaona ushujaa kama ule, na simaanishi wa Baba peke yake.

Mavuno ya maharagwe yalipoanza, alimfikisha Kaberia hadi sokoni kwenyewe, kwa fimbo tu. Nilikimbia kukuambia nikakukuta ghalani unachambua maharagwe huku machozi yanaanguka ndani ya ungo. Ndipo uliponiambia. Kaberia si mtu wa gichiaro. Ulimsikia sokoni akisimulia jinsi ndugu yake alivyopooza akakataa kuinuka mpaka akafa kitandani, ukamfuata, ukamwomba. Alikataa mara mbili kwa hofu. Ukamwambia dhambi ni yako, abebe tu fimbo aje.

Nilinyamaza nayo kama ulivyotaka. Na mwaka jana, ulipokuwa unatuacha, ulipokuwa huna nguvu hata ya kushika kijiko, hicho ndicho kilichokusumbua. "Babako asijue," uliniambia. "Ataona nilimfanya mtoto." Nikakuahidi.

Siku ya kukuzika walimletea Baba kiti cha magurudumu. Alikisukuma pembeni. Alikufuata kwa miguu yake kutoka mlangoni hadi kwenye kaburi, hata fimbo aliiacha nyumbani.

Sasa nisamehe, kwa sababu nimevunja ahadi. Wiki iliyopita Kaberia alipita, amezeeka zaidi sasa, na Baba akamsindikiza kama kawaida. Aliporudi alikaa kwenye benchi lako akivua viatu, na mimi siri ikanishinda. Nikamwambia yote. Nilitegemea akasirike, au aogope kiapo.

Baba aliendelea kufungua kamba za kiatu.

"Nilijua siku ile ya kwanza," alisema. "Watu wetu wa gichiaro nawajua wote, hata watoto wao. Na Muthara hatuna."

Nikamuuliza kwa nini basi alisimama.

"Mama yako alikuwa hajawahi kunidanganya hata siku moja. Nilipomwona amefika mahali pa kunidanganya, tena kwa gichiaro, nikajua amechoka. Sasa ningekaa namna gani?"

Kwa hiyo pumzika, Mama. Hukumfanya mtoto. Hakusimama kwa sababu ya Kaberia, alisimama kwa sababu yako. Ameniomba nikwambie, maana mwenyewe anaona haya kuandika.

Mvua imepungua na maharagwe yanangoja. Ameshinda ule ubishi, tunapanda leo. Nami nimekusindikiza hadi hapa, langoni. Baba anasema usiende haraka sana huko mbele, yeye mguu wake bado unachelewa.

Kifungua mimba wako,
Kinya