Upande wa Kushoto

Jumanne, Juni 1999

Nimechukua ile lenzi ya kulengea ya nukta nyekundu, na fundi amenicheka.

Msimu wa uwindaji unakaribia, na macho yangu hayakioni tena vizuri kile chuma cha kulengea kwenye mtutu wa bunduki yangu ya nyati. Fundi wa bunduki pale Majengo, ambaye hachoki kuongea, alinisukumia darubini. "Mzee, hii inamleta nyati hadi unaona kope zake."

Nikafumba jicho la kushoto, nikaielekeza mlimani. Kweli, niliona hadi majani ya migomba. Kisha nikajikuta nasubiri mkono begani.

Miaka yote, nikiwa nimelenga, Elia msoma nyayo wangu alisimama kushoto kwangu akichunga vichaka. Akinigusa bega, najua kuna nyati mwingine anatujia. Mwezi wa pili tulimzika kijijini kwao Masama, kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake.

"Nipe ya nukta," nikamwambia fundi.

"Lakini hiyo haivuti kitu karibu, mzee."

"Najua. Ila unalenga macho yote mawili yakiwa wazi."

Kushoto sasa nitajitazamia mwenyewe.