Kwa Lyle, Aliyeogopa Kuharibu Umbo la Gari

“Mama, chuma hicho kitaniharibia umbo!”

Leo, Lyle, mwaka mmoja tangu gari lipinduke nawe ukatuacha kwenye kona ya barabara ya Maricopa, mdogo wako Wendell amenijibu vile vile ulivyonijibu wewe. Gereji ile ile, hata mikono kiunoni.

“Umbo la nini?” nikamwuliza. “La gari au la kichwa chako?”

Ulikuwa na moyo mwema. Mashine ya kufulia ya jirani yetu Bi Eudora uliitengeneza bila kuombwa, na pai aliyokupa kwa shukrani ukaila yote umesimama. Grisi ulijifutia taulo zangu za wageni, na hilo sijakusamehe.

Lile gari la Ford la mwaka wa thelathini na mbili ulilikuta shambani kwa babu Amos, kuku wanatagia ndani. Ukalitoa paa, ukalishusha mpaka likawa linalamba lami. Ukalitia injini ya gari la wagonjwa, vipimo vya ndege ya vita, na rangi ya bilinganya uliyoichanganya mwenyewe. Hapa Bakersfield kila kijana ana lake: moja limechorwa ndimi za moto, jingine halina hata boneti, la rafiki yako Buster lina taa za trekta.

“Hakuna mawili yanayofanana, Mama,” ulikuwa ukijivuna.

Kweli. Na hakuna hata moja lililokuwa na upinde wa chuma nyuma ya kiti, ule wa kuzuia kichwa kisipondwe gari likipinduka. Kwa ujinga mlifanana kama mayai.

Mimi nilisomea uchoraji wa mitambo chuoni. Nilikuchorea upinde huo. Ukasema mchoro ni mzuri, ukaubandika ukutani, ukaondoka.

Siku ya mazishi wenzako walipanga magari yao mbele ya kanisa, wakaniambia ulikufa ukifanya ulichokipenda. Niliwafukuza. Ulikufa ukirudi na mkate na maziwa.

Sasa Wendell naye amemaliza lake, la kijani, pua ndefu kama ya panzi. Alitaka kulitoa leo kwa heshima yako.

“Kina Buster watanicheka,” alisema. “Watasema nimejenga kitanda cha mtoto.”

“Wacheke. Utakuwa hai, utawasikia.”

“Lyle asingekubali!”

“Ndiyo maana hayupo.”

Baba yako Harlan, ambaye mwaka mzima hakukanyaga gerejini, alikuwa amesimama mlangoni na kahawa yake. Akaweka kikombe chini.

“Verna, leta huo mchoro,” akasema. “Gari halitoki hivi.”

Nikaubandua ukutani. Nilishika bomba, baba yako akachomelea. Wendell alinuna pembeni mpaka alipoona mzee anakosea kiungo kwa mara ya pili. “Nipe, Baba,” akasema, akaichukua mashine, akamalizia mwenyewe.

Upinde umesimama, bado haugusiki kwa moto. Ni mbaya kweli, kama mshikio wa ndoo. Bakersfield nzima hakuna gari lenye umbo hilo.

Wanaokukumbuka ni baba yako Harlan, mdogo wako Wendell, babu Amos, Bi Eudora wa ng’ambo ya barabara, na mimi mama yako, ambaye bado nimekukasirikia.

Kila gari hilo la Wendell litakapowashwa, Lyle, tutakukumbuka.