Neno la Kwanza la Baba Yako

Mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Michenga sote wazima, mpunga umekubali. Unauliza baba yako alianza na neno gani. Wenzake walisema "mama". Mwanangu mimi alianza kwa amri.

Wakati wa Maji Maji, askari wa Mjerumani walikuja kukamata wanaume wa kubeba mizigo. Babu yako akalala matopeni katikati ya mpunga. Mimi nikaendelea kufukuza ndege, "Toka! Toka!", mtoto mgongoni. Askari mmoja akaanza kuingia mpungani. Mtoto akamkazia macho: "Toka!"

Askari akacheka. "Haya, bwana mkubwa, natoka."

Hata askari hawajapotea machoni, babu yako akachomoka na matope yake. "Amesema! Mwambie aseme tena!"

"Lala chini, mwanamume wewe!" nikamkemea. Kisha nikamgeukia mtoto: "Sema tena, baba, ila polepole, wasisikie."

Bibi yako, mama wa msemaji