Presha ya Shangazi

Dada Veronika, shikamoo.

Natangaza rasmi kwamba jogoo wa Shangazi yuko kifungoni stoo kwa kosa la kuwika. Vidonge vya saratani ya tezi alivyopewa Shangazi huko Dar vimepunguza uvimbe wa shingoni, lakini presha imepanda, na hapa Lipangalala kila mtu anajua presha huletwa na maudhi. Hata mtani wake, Mzee Likwembe, ambaye miaka yote huingia akiuliza matanga yake ni lini, tulimwonya. Jumatatu akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mama."

Shangazi akashika kifua. "Kumbe nakufa kweli!"

Tukampeleka kwa nesi. Akasema maudhi hayahusiki: vidonge hivyohivyo vinavyotibu tezi ndivyo vinavyopandisha presha. Asiviache, ila aongeze cha kuishusha.

"Nimeze cha kupandisha, halafu cha kushusha?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nisimeze chochote, nibaki katikati."

Dada, nimeelewa kila neno. Jumla yake ndiyo imenishinda. Siku mbili hakumeza kidonge hata kimoja. Leo asubuhi tukamruhusu Mzee Likwembe aseme apendavyo.

"Wewe, kufa upesi, mchele wa matanga unaingia wadudu!"

"Nitakuzika wewe kwanza!" Shangazi akadai maji, akameza vidonge vyote viwili kwa hasira.

Anakusalimu sana, nami nakukumbuka kila tukila perege. Wabusu watoto. Mchana nesi kampima tena: presha iko palepale, haikupanda hata kwa maudhi yale.

Mdogo wako, Beno