Ile Sehemu ya Saba

Jumatatu, 7 Agosti 1961. Mahabibo, Mahajanga

Nimepepeta mchele, nimefagia karakana. Bakari bado yumo. Shemeji yangu huyu alifanya kazi Diego Suarez miezi minne, akarudi na kofia na ujuzi wa kila kitu. Mume wangu Maulidi ni fundi wa shaba kwa miaka ishirini sasa, lakini mbele ya kaka yake huwa kondoo.

Naandika Kiswahili alichonifundisha baba. Nyumbani tunasema Kikomoro, sokoni Kimalagasi. Bakari hawezi kusoma hiki. Hata anachoweza kusoma hasomi.

Jumanne, 8 Agosti

Barua kutoka Nosy Be. Mwenye shamba la milangilangi anataka pipa jipya la shaba, la kukenekea mafuta ya maua kwa mvuke. Jiko la mawe la kulikalisha limeshajengwa. Zamani walituletea pipa bovu, Maulidi akalizungushia kamba, akakata kwa kipimo cha kamba. Safari hii imekuja karatasi tu: kipenyo sentimita 126, kimo 70. Na bamba la shaba la ubavu. Moja.

Bakari: "Mzingo ni kipenyo mara tatu. Kata 378."

Nikasema kutoka mlangoni: "Mara tatu na sehemu ya saba, shemeji. Ni 396, na tatu za kupandanishia ncha."

"Rudi kwenye nazi zako, shemeji."

Nilirudi. Nikazungusha uzi kwenye sinia, kwenye kikombe, kwenye kifuniko cha kisima. Kila mara kipenyo kinaingia mara tatu na kipande kinabaki, karibu moja ya saba ya kipenyo. Liwe kubwa, liwe dogo, duara halibadili tabia. Shuleni mwalimu wa Kifaransa aliiita pi. Bakari hajaiita chochote. Hawajawahi kukutana.

Alhamisi, 10 Agosti

Wamekata. Nilisikia mkasi wa bati kupitia ukuta. Ningeweza kutoka nikaketi juu ya bamba. Sikutoka. Nilitaka aaibike.

Kipande kilichobaki Bakari amekikatakata vishikio vya mfuniko. Akajisifu kwamba hapotezi shaba.

Ijumaa, 11 Agosti

Baada ya sala walilikunja bamba kuzunguka kitako, lile duara la chini la pipa. Ncha hazikukutana. Pengo la karibu shubiri nzima.

Bakari akaamuru livutwe kwa nyundo. Anadhani shaba ni chapati. Alasiri ukingo ukapasuka, wakakata palipopasuka, pengo likabaki lilelile. Maulidi akaketi chini, mikono juu ya magoti.

Nilifurahi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Kisha nikakumbuka kwamba nusu ya kazi zetu hutoka Nosy Be. Maua ya langilangi hukenekwa siku ileile yanapochumwa. Hayamngoji fundi mjinga.

Jumamosi, 12 Agosti

Mji mzima hakuna bamba la shaba. Lipo sinia kubwa la shaba la marehemu mama yangu.

Nikachora ukanda wa sentimita 24: 18 za upungufu, sita za viungo viwili. Maulidi akasema, "Hapana. Hilo la mama." Nikachukua mkasi mwenyewe. Bakari akasema upande wa kushoto nimekata ovyo kidogo.

Nimelia. Sinia limekufa kwa kiburi cha watu wawili, na mmoja ni mimi.

Jumapili, 20 Agosti. Nosy Be

Nimekuja nao kwa meli ya mizigo. Nina shangazi hapa mjini Helvili, sababu inatosha.

Pipa limekaa kwenye jiko barabara, hata moshi haupenyi. Mwenye shamba, Mfaransa mzee, akapitisha kiganja juu ya ule ukanda. Akauliza ni nini.

Bakari akawahi: "Ni wa kuimarisha, Bwana. Nilijifunza Diego."

Sijawahi kumdharau mtu kiasi hicho. Nilitazama maua ili nisimtazame yeye.

Mzee akapendezwa. Akataka pipa la pili, dogo, kipenyo 98. Bamba likatwe ngapi?

"294," akasema Bakari. Hata hakupepesa macho.

Ndipo Maulidi, kwa Kifaransa chake cha kuokoteza, akasema polepole: "Si kweli. Na lile la kwanza kaka alilipunja. Muulize mke wangu. Yeye ndiye aliyepima."

Wote wakanigeukia. Nikasema: "Ni 308, na tatu za kupandanishia."

Bakari akatoka nje. Mzee akaandika 311.

Jumatano, 30 Agosti. Mahabibo

Bakari amehamia mtaa wa Antanimasaja, kwa wakwe zake. Karakana kimya.

Asubuhi Maulidi alitandaza bamba jipya. Akanipa chaki. Nikapima. Nikapima tena. Alisimama na mkasi mpaka nilipoitikia kwa kichwa.

Tukakata. Kisha tukanywa chai.