Gusa kwa Mgongo wa Mkono

Baba Aika, mume wangu,

Mpaka jana mwanao aliamini bado uko mlimani. Helikopta ikikatiza juu ya Kariakoo kuelekea bandarini, alikuwa anaacha anachofanya, anainua kikombe chake cha plastiki na kupiga kelele: "Chopa! Mpelekee baba maji!" Wateja wanacheka. Mimi nasema, "Eeh, imesikia," naendelea kupakua wali. Nilikuwa nimeshindwa kumwambia. Si kwamba niliogopa atalia. Niliogopa ataniangalia usoni aone hakuna kitu.

Maana sijalia mpaka leo. Chumvi nilikuwa naijua kwa macho tu, nikionja mchuzi sipati ladha. Watu wanasema Mama Aika ana moyo mgumu. Sina wa kumbishia.

Unakumbuka ulivyoegesha mkokoteni kwenye kivuli cha turubai la benchi langu la chakula? Nikakutania, "Mchaga gani wewe? Mangi wenzako wana maduka, wewe una mkokoteni!" Ukajibu mdomo umejaa maharage, "Duka langu lina matairi, dada. Linakufuata ulipo." Na kweli, kesho yake likanifuata. Ukaniambia msimu wa wageni ukifika unapanda Kilimanjaro kuwabebea mizigo, ukiisha unarudi kubeba ya Kariakoo. "Kule nakohoa baridi, huku nakohoa vumbi." Nikacheka mpaka nikaunguza chapati.

Jioni moja, tukiwa tumeshampata Aika, nilitaka kumwagia maji jiko nifunge kazi. Ukanishika mkono. "Unaua mkaa bure. Fukia." Ukafukia kwa majivu, ukasubiri, halafu ukapitisha mgongo wa mkono juu yake, taratibu. Nikauliza kwa nini si kiganja.

"Kiganja kikiungua, kesho nitashika nini?"

Ukasema mlimani moto ukizimwa ndivyo mnavyofanya. Juu panaonekana pamepoa, kumbe chini unatembea kwenye mizizi. Lazima mtu apige magoti apapase. Aika alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, akakuiga. Tangu hapo hatufungi jiko mpaka yeye apitishe kimkono chake na kutangaza: "Bado," au "Limelala."

Mlima ulipoungua wewe na wabeba mizigo wenzako mlikuwa huko. Mliacha mizigo ya wageni, mkashika matawi mabichi na majembe, wengine wanaupiga moto, wengine wanachimba mistari ya udongo mtupu ili ukose cha kula. Ulipopata mtandao ukanipigia, sauti imekauka.

"Mama Aika, leo chopa imekuja! Inaning'iniza ndoo kubwa kama chumba chetu. Ikimwaga, utasema masika."

"Basi shuka, baba."

"Nishuke wapi? Yenyewe inazima unaoonekana. Tunaobaki kupapasa ni sisi wa chini." Halafu ukamwita mwanao, ukamwambia chopa inakuletea maji.

Siku iliyofuata tuliangalia video kwenye simu ya mteja. Maji yalimwagika, moshi mweupe ukapanda, pakawa peusi, pametulia. Benchi zima likashangilia. Mimi nikafua lile shati lako la bluu, nikalianika, nikijua unarudi.

Wenzako walinisimulia msibani. Mlikuwa mmerudi kupapasa. Chini kulikuwa bado kunawaka, upepo ukageuka, moshi ukakufunika wewe uliyekuwa mbele. Aika nilimwacha kwa jirani; mimi nilikuwa sijawahi kufika kwenu. Nikauona mlima kwa mara ya kwanza siku ya kukuzika, una doa jeusi begani. Mama yako alinikumbatia, akalia kwa ajili yetu wawili. Mimi niliangalia tope kwenye viatu vya watu.

Jana wateja wa mchana walipoisha nilifukia jiko. Aika akachuchumaa, akapitisha mkono. "Bado, mama." Nikapitisha wangu. Kweli, bado. Helikopta ikapita, akanyoosha mkono akachukua kikombe. Sijui sauti ilinitoka wapi, nikasema:

"Baba hatashuka, Aika. Moto ulimshinda. Tumemzika kwa bibi."

Kikombe akakiweka chini.

"Sasa nani atapapasa?"

Akasogea, akaniwekea mgongo wa mkono shavuni, kama ninavyompima homa. Akasubiri, kama wewe.

"Na wewe bado," akasema.

Sikulia. Ila ule mkono niliusikia, Baba Aika. Ulikuwa na majivu, wa moto kidogo, na vidole vinne vyote nilivisikia, kimoja kimoja. Ni muda mrefu sijasikia kitu kikinigusa. Usiku alilia, nikambeba hadi akalala, na asubuhi nilipoonja mchuzi nikaongeza chumvi.

Pumzika, mume wangu. Huku chini tutapapasa sisi.

Mkeo,
Mama Aika