Karibu ya Dirishani

Kwa Susu, nyanya yangu wa Zombe (Mwende atakusomea),

Umeshindaje? Mimi ni mzima, ni baridi ya Chicago tu inaniuma masikio. Hii picha ya kadi ni ya stesheni ninayopandia treni nikitoka chuo. Imeinuliwa juu ya barabara kwa miguu ya chuma, kama ghala lako la mahindi, na ukisimama hapo unaona mpaka ndani ya nyumba za watu.

Jana jioni mama mmoja alikuwa anakula na watoto wake dirishani, karibu nami kama jikoni kwako na zizi la mbuzi. Huko kwetu ningekuwa nimeshaitwa. Akaniona namwangalia, nikaona haya, lakini hakufunga pazia. Aliinua kijiko, akatabasamu. Mdomo wangu ukajibu wenyewe, tena kwa sauti: "Asante mama, nimeshiba!" Watu waliokuwa wanangoja treni wakasogea mbali nami.

Susu, sikuwa nimekula tangu asubuhi. Na tangu nifike huku hakuna mwingine amenikaribisha kwake.

Kadi hii ikifika, mkikaa kula muthokoi, sema tu, "Karibu, Mutua." Sitasema nimeshiba.

Mjukuu wako,
Mutua